Hofu ya Nairobi inakaa wapi? Swali kuhusu mkusanyiko mpya wa hadithi za kutisha

Mhariri wa Umoja

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Mimi ni mmoja wa wahariri wa mkusanyiko mpya wa hadithi fupi za kutisha ambao tunauandaa kwa Kiswahili hapa Nairobi: hadithi za mizimu, majini, viapo na vifo visivyoelezeka. Tuliwaomba waandishi chipukizi watuletee kazi ambazo mandhari yake ni jiji hili, wala si ufukweni mwa bahari au kijijini kwa nyanya, kwa sababu tunaamini kwamba msomaji wa Kayole au Kawangware naye anastahili hadithi inayobisha mlangoni pake mwenyewe. Miswada imefika, na baadhi yake imeandikwa kwa lugha ya kupendeza mno, lakini nimeisoma yote na hakuna hata mmoja ulionifanya nisite kuzima taa.

Naona kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba majini wenyewe wameletwa kutoka Pwani bila kubadilishwa chochote. Yule mwanamke mrembo mwenye kwato, ambaye watu wa Mombasa wamesimuliana habari zake tangu zamani, sasa anasimamisha magari kwenye barabara ya Thika. Jina la barabara limebadilika, ila yeye hana sababu yoyote ya kuwa pale. Mwandishi mwingine amemweka jini katika ghorofa ya sita huko mtaani Pipeline; jini huyo akapiga mayowe, akavunja vioo, akafukuzwa kwa maombi, na hadithi ikaisha.

Kasoro ya pili inanisumbua zaidi. Kila mwandishi anapohitaji mchawi, mchawi huyo huwa ajuza: mjane, macho mekundu, meno machache, anaishi peke yake. Mwishoni huchomwa au hufukuzwa, na msomaji anatarajiwa kushusha pumzi. Niliwaambia wahariri wenzangu kwamba moyo wangu unaukataa mwisho huo, nao wakanijibu kwamba hizi ni hadithi tu na kwamba wachawi wa namna hiyo wamejaa katika ngano zetu.

Kwa hiyo nauliza: hofu ya Nairobi inakaa wapi, na tunawezaje kuiandika bila kumfanya kila bikizee kuwa adui?

Mwalimu wa Fasihi

Ndugu Mhariri, nimefundisha hadithi fupi katika shule za upili kwa muda mrefu, na naona kwamba kasoro yako ya kwanza ina mizizi katika namna tulivyofunzwa kusoma. Hadithi fupi ya Kiswahili nchini Kenya imekulia darasani. Mwanafunzi huisoma ili atoe maudhui, ataje sifa za wahusika na aeleze mbinu za lugha. Mwandishi naye, akiyajua hayo, huandika hadithi inayoweza kujibiwa katika mtihani. Jambo lisiloelezeka halina alama kwenye karatasi ya mtihani, kwa hiyo mwandishi huhakikisha kwamba limeelezwa kabla ya ukurasa wa mwisho: ulikuwa ulevi, ilikuwa ndoto, au zilikuwa njama za ami mwenye tamaa ya shamba.

Desturi hiyo ya kufichua ni ya heshima, tena ni kongwe. Riwaya ya Muhammed Said Abdulla, *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa mwaka wa 1960, inahusu maiti iliyopatikana penye mzimu, mahali pa matambiko. Mpelelezi Bwana Msa anaingia na kiko chake, anauliza maswali, na inabainika kwamba aliyeua ni binadamu. Naipenda kazi hiyo na bado naifundisha kwa furaha. Lakini furaha inayotupa ni ile ya kuondolewa hofu, ilhali mkusanyiko wako unataka msomaji abaki nayo. Hizo ni kazi mbili tofauti, na waandishi wako wanazichanganya kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ruhusa ya kutoeleza ipo.

Waombe wakate aya mbili za mwisho za kila hadithi, kisha waisome upya. Nina hakika kwamba baadhi ya miswada unayoiona kuwa mibovu itapona papo hapo.

Mzaliwa wa Kisauni

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu miisho, ila naona kwamba kasoro imeanza mapema zaidi, mwandishi anapomchukua jini bila kuuliza ni nani.

Kwetu pepo si kelele. Pepo ana jina, ana kabila, ana lugha yake, ana chakula anachokipenda na rangi ya nguo anayoitaka. Mtu aliyepandwa huitwa kiti, na mganga huzungumza na pepo kwa adabu, akimuuliza ametoka wapi na anadai nini, huku udi na ubani vikifukizwa na ngoma ikipigwa. Wapo wanaosemekana kuwa Waarabu, wapo Wahabeshi, na wapo wa Kibuki ambao asili yao inatajwa kuwa Madagaska. Haya yote ni makubaliano yenye masharti, na hofu halisi inatoka katika masharti hayo: nyanya yako aliahidi nini, aliahidi kwa niaba ya nani, na je, wewe uliyehamia South C ukaoa na kusahau, umelirithi deni lile? Anayemfuga jini ili apate mali hamwogopi kwa sababu ya sura yake; anamwogopa kwa sababu anajua siku ya malipo ipo, na kwamba malipo hayatakuwa pesa.

Sasa mwandishi anapomtupa kiumbe huyu Pipeline, anauacha nyuma ukoo, analiacha deni, na anawaacha majirani waliokuwa wakijua. Kinachobaki ni mayowe. Anayetaka jini wa Pwani aje Nairobi lazima atueleze safari yake: nani alimleta, katika sanduku la nani, kwa ahadi ipi. Hapo atatisha hata katika lifti ya jumba la ofisi mchana kweupe.

Vinginevyo atafute hofu iliyozaliwa hapa hapa. Nairobi ni jiji la watu waliokuja kutafuta kazi, na wengi wetu hatujui jina la anayelala ng'ambo ya ukuta. Mtu akitoweka katika ploti yenye vyumba arobaini, ni nani atakayetambua kabla ya siku ya kodi? Mimi hilo linaniogopesha kuliko kwato.

Mjukuu wa Pumwani

Kaka wa Kisauni amegusa penyewe. Hofu iliyozaliwa hapa ipo, na ilisimuliwa kwa Kiswahili katika mitaa yetu kabla Buruburu haijajengwa. Ni hofu ya mumiani.

Wazee wa Pumwani, na wakazi wa Pangani ya zamani ambayo ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, walisimuliana habari za watu waliowakamata wapita njia usiku na kuwatoa damu. Hapa Nairobi waliitwa wazimamoto, kwa kuwa iliaminika kwamba kazi hiyo ilifanywa na watu wa idara ya zimamoto: walikuwa na sare, walikuwa na gari, na waliruhusiwa kupita saa ambazo Mwafrika wa kawaida aliyekutwa njiani alidaiwa kibali. Damu ilisemekana kwenda kutengenezewa dawa ya Wazungu. Katika baadhi ya masimulizi mtu hukaribishwa chumbani kwa heshima, hukanyaga mkeka, na chini ya mkeka huwa mna shimo.

Mwanahistoria Luise White alikutana na habari hizi alipowahoji wazee wa Nairobi katika miaka ya 1970, na mwaka wa 2000 alichapisha kitabu kizima juu ya masimulizi ya namna hii kutoka Kenya, Uganda na nchi ambayo sasa ni Zambia. Anachosisitiza, nami naona ni haki kabisa, ni kwamba haitoshi kuuliza iwapo damu ilitolewa kweli au la. Tunapaswa kuuliza kwa nini watu waliotengana kwa maelfu ya kilomita, wenye lugha mbalimbali, waliichagua picha ile ile walipotaka kueleza maisha yao chini ya ukoloni. Walifanya kazi, wakatozwa kodi, wakapimwa, wakaandikwa kwenye kipande, yaani kitambulisho cha kikoloni kilichofungwa shingoni, na wakahisi kwamba kuna kitu kinachotolewa mwilini mwao ambacho hakirudishwi. Simulizi hiyo ilisema kile ambacho malalamiko ya kawaida hayangeweza kukisema.

Sasa mtazame mumiani kwa jicho la mhariri. Yeye si ajuza, wala si jini aliyepotea njia. Analipwa mshahara. Anakuja kwa sababu ametumwa, na aliyemtuma haonekani hata siku moja. Hakuna maombi yanayomfukuza, kwa sababu kesho anarudi kazini. Anamchagua mtu ambaye hataulizwa na yeyote, yaani yule yule mpangaji wa ploti aliyetajwa hapo juu. Na hajafa: mpaka leo watoto wa Eastlands huonywa wasipande gari la mtu wasiyemjua wasije wakatolewa figo. Mwandishi kijana akiandika kuhusu zahanati isiyo na bango, au tangazo la kazi ya Ughaibuni linalodai vipimo vyote vya damu kabla ya mahojiano, au ambulensi inayopita polepole bila king'ora katika mtaa ambao hakuna mgonjwa, hatahitaji kubuni kiumbe chochote kipya.

Kuna jambo moja zaidi, nalo kwangu ni kubwa kuliko mumiani mwenyewe: sauti ya msimulizi. Wazee wetu hawakueleza mumiani alikuwa mrefu kiasi gani wala meno yake yalikuwaje. Walisema kwamba palikuwa na fundi seremala, alitoka jioni kwenda Shauri Moyo kudai pesa zake, kofia ikaonekana mtaroni, yeye hakuonekana. Msimulizi mwenyewe hakushuhudia. Alisikia kwa mtu aliyeaminika, ambaye naye alisikia kwa mke wa fundi. Waandishi wako, kutokana na ulivyowaeleza, wanatumia msimulizi anayejua yote, anayeingia hata ndani ya kichwa cha jini na kutuambia anawaza nini, na hapo hofu inaisha. Warudishe kwa mashahidi. Wape majirani watatu, kila mmoja na sehemu yake ya habari, na sehemu hizo zisikubali kuungana.

Mpanda Treni

Naongeza dogo tu. Katika makumbusho ya reli, karibu na stesheni kuu ya Nairobi, limehifadhiwa behewa ambalo Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, alivutwa kutoka ndani yake na simba huko Kima mwezi wa Juni mwaka wa 1900. Yeye na wenzake wawili walikuwa wamelala humo wakimvizia simba huyo huyo aliyekuwa akila watu. Ryall alishika zamu, usingizi ukamchukua, na simba akaingia. Mtu yeyote anaweza kulitazama behewa hilo.

Nalitaja kwa sababu miaka miwili kabla ya hapo, simba wa Tsavo walipowala wajenzi wa reli, vibarua waliamini kwamba wale hawakuwa wanyama hata kidogo, bali roho za machifu wawili waliokufa, zilizokasirishwa na reli kupita katika ardhi yao. Walioamini hivyo wengi wao walikuwa wameletwa kutoka India, na takribani vibarua 2,500 wa Kihindi walikufa katika ujenzi wa reli hiyo ya Uganda. Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kituo cha reli ile. Anayesema kwamba jiji hili ni changa mno kuwa na mizimu hajawafikiria watu hao waliozikwa mbali na kwao, kando ya reli ambayo bado tunaisafiria.

Mwana wa Gusii

Nimeyasoma yote kwa makini, na naomba nirudi kwenye kasoro ya pili, kwa sababu naona imeachwa pembeni, nayo ndiyo iliyonileta hapa.

Wahariri wenzako wakisema kwamba hizi ni hadithi tu, waambie hivi. Mwezi wa Mei mwaka wa 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto hadi kufa huko Kisii kwa kudaiwa kuwa wachawi. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2021 wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani, Kisii, kwa tuhuma zizo hizo. Kilifi nako wazee wamekuwa wakiishi kwa hofu ya kuuawa na watu wa nyumba zao wenyewe, na mara nyingi ukifukua chini ya tuhuma unakuta kipande cha shamba ambacho kuna mtu anakitaka. Sheria ya uchawi tuliyo nayo ni ya mwaka wa 1925. Inaweza kumwadhibu hata anayemtuhumu mwenzake kwa uchawi, lakini haikuwafikia kina mama hao kwa wakati.

Umati unaofika uani kwa bikizee hauna ushahidi. Una maelezo ya mhusika, na ni yale yale uliyotuorodheshea: mjane, anaishi peke yake, macho mekundu. Macho mekundu ni ya moshi wa kuni. Hayo maelezo yalijifunzwa mahali fulani, na hadithi ni mojawapo ya mahali hapo. Sisemi kwamba mwandishi wa Nairobi ameua mtu Marani. Nasema kwamba anapofunga hadithi yake kwa moto na kumwomba msomaji ashushe pumzi, anamzoesha msomaji kushusha pumzi mahali ambapo angepaswa kulia.

Dada wa Pumwani, hoja yako juu ya mumiani imenifundisha mengi, lakini usiudhike nikisema kwamba naye ana wahanga wake. Mwaka wa 1947 umati wa watu ulikishambulia kituo cha zimamoto cha Mombasa kwa sababu ya uvumi huo huo. Mwaka wa 2017, kusini mwa Malawi, watu waliuawa na umati kwa kushukiwa kuwa wanyonya damu, mpaka Umoja wa Mataifa ukawaondoa baadhi ya wafanyakazi wake katika wilaya za huko. Kwa hiyo kumwondoa ajuza na kumweka mtu wa ambulensi hakutoshi. Kipimo ninachopendekeza kwa kila mswada ni swali moja: msomaji akiiamini hadithi hii, atatoka kwenda kumpiga nani? Jibu likiwa ni mtu halisi asiye na uwezo wa kujitetea, hadithi irudishwe kwa mwandishi.

Ningependa kuona hadithi inayosimuliwa na bikizee mwenyewe. Vijana wamekusanyika nje usiku, naye anawatambua kwa sauti zao, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa wengi wao yeye ndiye aliyewapokea walipozaliwa. Mwandishi asiongeze jini hapo.

Mjukuu wa Pumwani

Siudhiki, kaka, umeniongezea kitu nilichokuwa nimekiruka. Wale waliofanya kazi zimamoto walikuwemo Waafrika, wenye wake na majirani katika mitaa hii hii, na bila shaka kuna aliyerudi nyumbani na sare yake akakuta watoto wanamkimbia. Hiyo ndiyo hadithi ninayoitaka mimi: mtu anayerejea kutoka kazini, mtaa mzima umeshaamini, na yeye hawezi kuthibitisha kwamba hakufanya jambo. Na ili hofu iwe kamili, mwandishi asituambie iwapo kweli hakulifanya.

Hapo kipimo chako kinatimia pia, kwa sababu msomaji atakuwa upande wa mlango ambao umati unaubisha.

Mwalimu wa Fasihi

Marahaba, wa Kisauni. Nawaunga mkono wote wawili, ila namsihi Mhariri asikigeuze kipimo hiki kuwa somo la uraia mwishoni mwa kila hadithi. Tukimwondoa ajuza mchawi kisha tukaweka aya inayohubiri dhidi ya mauaji ya wazee, tutakuwa tumerudi kwenye karatasi ya mtihani. Hadithi ya bikizee anayezitambua sauti haihitaji kuelezwa; iishie pale sauti ya mwisho inapotambuliwa, au hata kabla yake.

Mhariri wa Umoja

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimewasomea wahariri wenzangu maneno ya ndugu wa Gusii, kuanzia macho mekundu na moshi wa kuni, na tumekubaliana kwamba miswada yote inayoishia kwa kumchoma ajuza itarudishwa, kila mmoja na barua inayoeleza sababu, si kwa ukali, maana waandishi wenyewe ni vijana na wamerithi walichokirithi. Hadithi ya jini wa Pipeline nitairudisha na maswali ya kaka wa Kisauni: amekuja katika sanduku la nani, na kwa deni lipi. Mwandishi wake ana kipaji, naye nadhani atayajibu.

Tumeongeza muda wa kupokea kazi hadi mwisho wa mwezi ujao. Dada wa Pumwani, ile ya mtu wa zimamoto anayerudi nyumbani isiandikwe na mtu mwingine ilhali wewe upo. Je, utatuandikia?

Mjukuu wa Pumwani

Nitaandika, kwa sharti moja: muniache nitumie Kiswahili cha Majengo, mtaa wetu wa Pumwani, jinsi wazee walivyokizungumza, wala pasiwe na mhariri atakayekisanifisha katika vinywa vya mashahidi. Msimulizi mkuu nitamwandika kwa usanifu mnaoutaka.

Mhariri wa Umoja

Sharti limekubaliwa.